Jina la Josia Lilipokatwa

Mwaka 1970, kuelekea uchaguzi mkuu, mama mkwe wangu Alistidia alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha upande wa Kanazi, na kwa muda wa miezi miwili hakusalimiana vizuri na Chama chake mwenyewe. Mimi niliolewa katika nyumba ile miaka minane baadaye. Habari hii nimeisikia kwake mara nyingi tukimenya ndizi, na sehemu nyingine nimeipata kwa baba mkwe, Bartholomayo, ambaye hupenda kusahihisha tarehe za mkewe.

Alistidia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mbali. Kiswahili alijifunza ukubwani, katika darasa la kisomo lililofanyika alasiri kwenye banda la parokia, kwa hiyo alikiongea kama kilivyoandikwa: polepole, sentensi nzima nzima. Ubalozi aliupata kwa sababu wanaume wawili waliokuwa wakiutaka walikuwa hawasemezani na majirani zao kwa ajili ya mipaka ya vibanja, yaani mashamba yao ya migomba. Watu wakasema, afadhali tumpe Ma Alistidia. Yeye akigombana na mtu asubuhi, jioni anampelekea mkungu wa ndizi.

Mwaka huo wa sabini alichaguliwa pia kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa Chama wa wilaya, ule uliopiga kura juu ya majina ya watu walioomba ubunge. Utaratibu ulikuwa kwamba wajumbe wanapiga kura, majina yanapangwa kufuata wingi wa kura, kisha yanapelekwa kwenye vikao vya juu. Huko yanachaguliwa majina mawili, na hao wawili ndio wanaoletwa kwa wananchi, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba.

Alistidia alikuwa na mtu wake. Alikuwa Josia Lwakatare, mganga msaidizi wa zahanati, yule ambaye watu wa siku zile walimwita dresa. Josia alikuwa Mlutheri, mrefu, mkimya, mwenye baiskeli nyeusi iliyofungwa kamba kila mahali. Mwaka 1955 uchungu ulimshika Alistidia siku mbili bila mtoto kutoka. Josia alifika asubuhi, akamtazama, akamwambia Bartholomayo, "Huyu hatazalia hapa." Wakampakia kwenye ile baiskeli, mume akimshikilia upande mmoja, Josia akisukuma, mpaka barabarani walikopata lori la kahawa la kuwafikisha hospitali. Mtoto aliyezaliwa ndiye mume wangu. Na hakuwa huyo peke yake. Nyumba nyingi za pale zilikuwa na mtu anayetembea kwa sababu ya baiskeli ile.

Wanawake wenzake wa parokia walimsema. "Ma Alistidia, Wakatoliki wamekwisha hata ukamchukue Mlutheri?"

"Nilipokuwa ninakufa," aliwajibu, "hakuniuliza ninasali wapi."

Mkutano ulifanyika mjini Bukoba. Alistidia aliomba nafasi, akasimama mbele ya wajumbe, wengi wao wanaume wenye kalamu mifukoni, akamsemea Josia kwa Kiswahili chake cha kisomo. Kura zilipohesabiwa, Josia alikuwa wa kwanza, tena kwa mbali. Wa pili alikuwa Mutembei, mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani. Wa tano, mwenye kura tisa tu, alikuwa bwana mmoja aitwaye Rugemalira, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam na ambaye wajumbe wengi walimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alistidia alilala Nshambya, pale pale mjini, kwa binamu yake Clotilda, akala samaki wa ziwani, kesho yake akarudi nyumbani na basi. Bartholomayo anasema alishuka akiimba.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja jioni, Mwijage, jirani aliyekuwa na redio ya betri, alikuja mbio uani kwao. Hakukaa. Alisema, "Mama Balozi, wametaja. Ni Mutembei na Rugemalira."

"Na Josia?"

"Josia hayumo."

Alistidia alikuwa amepakata ungo wa maharage. Aliendelea kuchambua, akichambua yale yale aliyokwisha kuyachambua, mpaka Bartholomayo akamwondolea ungo mikononi.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na maelezo. Wengine walisema ni dini. Wengine walisema ni kwa kuwa hakusoma sana. Wengine walisema Rugemalira anajuana na wakubwa. Hakuna aliyejua lolote. Kilabuni, penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanaume wa nyumba zake kumi walipatana: siku ya kura watakwenda, watapanga mstari kama raia wema, halafu watatumbukiza karatasi tupu. Mwijage ndiye aliyeleta wazo hilo, naye ndiye aliyemwambia Alistidia.

"Wewe ni balozi, hatukuombi ukubali," alisema. "Tunakuambia tu usije ukashangaa."

"Sijashangaa," alisema Alistidia. "Hata mimi karatasi yangu inaweza kuwa tupu."

Lakini hakuwa mtu wa kukaa na jambo bila kuliuliza. Alivaa gauni lake la Jumapili, akapanda basi mpaka Bukoba, akaenda ofisini kumwona katibu wa Chama. Alingoja kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita. Katibu alikuwa kijana mwenye adabu, aliyechoka.

"Mama, vikao vimeamua."

"Kikao nilichokaa mimi kiliamua Josia Lwakatare."

"Kile kilikuwa cha kupendekeza, Mama."

"Basi mngetuambia tunapendekeza. Mimi nilimuaga mume wangu nikamwambia ninakwenda kuchagua."

Katibu alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Akasema sababu hazitolewi, na kwamba yeye mwenyewe hazijui. Alistidia alimwamini katika hilo la pili. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo lilimsumbua njia nzima, kwa kuwa hakuwa amelelewa hivyo.

Aliposhuka kwenye basi hakwenda nyumbani. Alikwenda zahanati. Josia alikuwa anachemsha sindano kwenye sufuria ndogo, mikono ya shati imekunjwa. Alimpa kiti, akamletea akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni, akaendelea na kazi yake.

"Nimetoka Bukoba kuuliza habari zako," Alistidia alisema.

"Wamekuambia nini?"

"Kwamba hawajui."

Josia alicheka. Alistidia aliniambia kwamba kicheko kile kilimuudhi kuliko maneno ya katibu. Yeye amepoteza siku nzima, na mwenyewe mwenye jina anacheka!

"Mimi ninafikiri ninajua," Josia alisema. "Baada ya ule mkutano wenu tuliitwa kuhojiwa, mmoja mmoja. Waliniuliza mambo mengi, nikajibu. Kisha bwana mmoja akaniuliza: tukikupa ubunge, utawahamishaje watu wako waje kukaa pamoja katika kijiji cha ujamaa? Nikamwambia kwa heshima, waitu, watu wangu wanakaa pamoja tangu enzi za mababu. Kibanja kimegusana na kibanja. Mgomba wa huyu ukianguka, unaangukia kahawa ya yule. Na baba yangu amezikwa humo humo katikati ya migomba. Nikihama, nitambeba?"

"Ukawaambia hivyo?"

"Nikawaambia hivyo. Wakaandika."

"Josia! Ungesema tu kwamba utalitazama."

Akageuka na koleo mkononi. "Ningesema hivyo, ungenipigia kura?"

Alistidia alitafuna kahawa yake. "Ningepiga," alisema.

Hapo wakacheka wote wawili, mpaka mgonjwa aliyelala kwenye mkeka barazani akainua kichwa. Kabla ya kuondoka, Alistidia alimweleza habari za karatasi tupu. Josia hakumkataza wala hakumhimiza. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe atapiga kura, ila bado hajui ampigie nani, na kwamba angekwenda kuwasikiliza wote wawili kwanza. Alistidia alitembea hadi nyumbani akilitafakari neno hilo. Ikiwa mwenye kidonda anataka kusikiliza, yeye mtazamaji ananunia nini?

Wagombea walifika kijijini katikati ya Oktoba. Walifika katika Landrova moja, kwa kuwa sheria iliwataka wapinzani wasafiri pamoja na kusimama kwenye jukwaa moja, mbele ya msimamizi wa Chama. Mvua ilikuwa imenyesha. Landrova ilikwama mteremkoni, watu wakaona waheshimiwa wawili wakija kwa miguu, suruali zimekunjwa hadi magotini, Mutembei akiwa ameshika viatu vya Rugemalira kwa kuwa mwenzake alikuwa anateleza na alihitaji mikono yote miwili. Alistidia alisema kwamba kama uchaguzi ungefanyika dakika ile, kila mtu angepigia viatu.

Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya shule. Josia alikuwa nyuma kabisa, ameegemea baiskeli yake. Wagombea walizungumza kwa zamu. Rugemalira alikuwa msemaji mzuri, mwenye sauti tamu na mifano mingi, na alama yake ya nyumba aliieleza vizuri: nyumba ni hifadhi, nyumba ni familia, nyumba ni taifa. Mutembei alisema jembe ni jembe, kila mtu hapa analo, hana la kuongeza. Watu wakacheka.

Ukaja wakati wa maswali. Msimamizi alitangaza kwamba kila nyumba kumi itauliza swali moja, kupitia balozi wake, na maswali yote yatakuwa kwa Kiswahili, si kwa lugha nyingine. Alistidia alikuwa na swali lake. Alikuwa amelala nalo wiki nzima, amelipanga neno kwa neno: kwa nini wajumbe huitwa kupiga kura ikiwa kura zao hazitazamwi? Bartholomayo alilijua kwa moyo, kwa sababu alilisikia kila alipokuwa anakula.

Alisimama. Kabla hajafungua kinywa, bibi Kokubanza, kikongwe wa nyumba ya mwisho katika zile kumi zake, alijiinua kwa fimbo pembeni yake, akaanza kusema kwa Kihaya. Alisema kwa haraka, mkono ukielekea kule migombani kwake.

"Bibi, Kiswahili tu," msimamizi alisema.

Kokubanza alimtazama, akaendelea na Kihaya chake.

"Mama Balozi, mkalishe tafadhali. Kama una swali, uliza. Ni moja tu."

Alistidia hakumkalisha. Swali lake lilikuwa tayari mdomoni. Aliwaona Mwijage na wenzake wakilingoja, maana walilijua na walilitaka. Kisha akamtazama Kokubanza, ambaye bado alikuwa amenyoosha mkono.

"Swali langu ni hili," alisema, polepole, kama darasani. "Mimi ni mzee. Katika kibanja changu nimemzika mume wangu na watoto wangu wanne. Ninasikia katika redio kwamba watu watahamishwa. Je, ninyi mkichaguliwa, mtanihamisha? Na kama mtanihamisha, ni nani atakayepalilia pale walipo?"

Msimamizi alijua fika kwamba mwulizaji hakuwa mzee wala mjane, lakini swali lilikuwa la Kiswahili safi.

Rugemalira alisimama kwanza. Alisema hilo ni swali nyeti, na kwamba suala hilo litaangaliwa na vyombo vinavyohusika kwa kuzingatia hali halisi ya kila mahali. Kokubanza akamvuta Alistidia gauni, akamwuliza kwa Kihaya amesema nini. Alistidia akamtafsiria kwa sauti ya chini. Kikongwe akauliza kwa sauti ya juu, vyombo gani, vya kupikia? Waliosikia Kihaya walicheka, na kwa kuwa wote walisikia Kihaya, hata msimamizi alilazimika kutazama karatasi zake.

Mutembei hakucheka. Alisimama, akikuna kiganja.

"Mimi ni mwanachama na ninafuata siasa ya Chama changu," alisema. "Kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja ni jambo jema. Lakini ninaona hapa mmekwisha kuishi pamoja. Nikienda huko, nitalisema hilo. Siwezi kuahidi kwamba watanisikia. Nitalisema."

Msimamizi akakohoa, akaita balozi mwingine. Alistidia aligeuka kutazama nyuma. Josia alikuwa amevua kofia, anaipangusa matope kwa kiwiko, usoni haonekani mwenye furaha wala huzuni.

Baada ya mkutano wanaume walimzunguka. Mwijage alikuwa na hasira. "Umeliacha swali letu! Tumekungoja wewe uwaambie, ukawaulizia habari za bibi!"

"Swali letu lingetupa nini, Mwijage? Wangesema vikao vimeamua. Nilikwisha kulipata jibu hilo, tena nikiwa kwenye benchi."

"Basi wamelikata jina la mtu wetu na tumenyamaza."

"Sijanyamaza. Katibu amenisikia, na mwaka wowote nitakaokuwa mjumbe watanisikia tena. Lakini leo Kokubanza alikuwa na shida yake, na nimejua nani kati ya hawa wawili anaweza kumtazama usoni. Hilo sikulijua asubuhi."

Wiki mbili zilizobaki alipita nyumba zote kumi. Hakumwambia mtu ampigie nani. Alisema ubalozi haukumpa ruhusa hiyo. Alirudia tu majibu mawili, la nyumba na la jembe, kama yalivyosemwa, kwa Kihaya, kwa wale wazee ambao mkutanoni walikuwa wamekaa kama watu wanaosikiliza mvua. Kila alipofika kwenye vile vyombo, watu walicheka upya.

Siku ya kura alikwenda mapema na Bartholomayo. Mstari ulizunguka shule. Josia alikuwa mbele yao, akiwa na haraka ya kurudi kwa wagonjwa. Walisalimiana, wakaongea habari za kahawa kuzaa vizuri mwaka ule. Kokubanza aliletwa amebebwa mgongoni na mjukuu wake wa kike, akakataa kushushwa mpaka afike mlangoni. Watu wa nyumba kumi walipiga kura wote. Ni wangapi walitumbukiza karatasi tupu hakuna ajuaye. Mwijage mpaka leo ukimwuliza anakwambia kura ni siri.

Mutembei alishinda. Jioni ya siku matokeo yaliposomwa, Bartholomayo alitoa rubisi aliyokuwa ameificha kwa ajili ya jambo lolote, la furaha au la kilio, na uani pakajaa watu. Alistidia alikunywa kidogo. Aliniambia hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, kwa kuwa mtu wake hakuwamo. Lakini hasira ilikuwa imemtoka, na hakumbuki ilitoka saa ngapi.

Mutembei hakuwa mbunge wa ajabu. Alikuja kushukuru, akaja mara nyingine mbili, moja kwa msiba. Kwamba alilisema lile neno, yeye mwenyewe alidai alilisema, na wao hawakulisikia redioni. Ilipofika mwaka 1974 na mambo ya vijiji yakapamba moto nchi nzima, kwao walikuja mabwana wawili wenye madaftari, wakatembea tangu mto hadi barabara, wakaandikisha kijiji pale pale watu walipokuwa. Hakuna mgomba uliohama. Kama ni kwa ajili ya Mutembei, au ya watu wengine waliosema hivyo hivyo kila mahali, au kwa kuwa hapakuwa na pa kuwapeleka, Alistidia hakudai kujua. Kokubanza aliishi kuuona mwaka ule, akazikwa karibu na wanawe.

"Mutembei alikuwa mzuri," mama mkwe huniambia. "Josia angekuwa mzuri zaidi. Yote mawili ni kweli, wala moja halinizuii kulala."

Mwaka 1975 alikuwa mjumbe tena. Alimfuata Josia zahanati kumwomba aingize jina. Josia alikataa: zahanati ilikuwa imepata kitanda cha kuzalia na mkunga kijana, Penina, aliyekuwa bado anajifunza kwake, na alisema hangeweza kumwacha nusu. Alistidia akambishia saa nzima, akashindwa.

Mimi nilipokuja katika nyumba ile, Josia alikuwa amestaafu. Alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada yake, sisi tukiwa tumetoka misa, na niliwapikia mimi: ebitoke, ndizi zetu za kupika, maharage, na senene, wale panzi wa kukaanga, wakiwa katika msimu wao. Uchaguzi wa 1980 ulikuwa unakaribia. Walikaa watatu barazani, yeye na Ta Bartholomayo na mama, kila mmoja na mgombea wake, wakibishana mpaka chakula kikapoa. Nikawaita mara ya pili. Mama akanijibu bila kugeuka, "Funika kwanza, mwanangu. Huyu Mlutheri hajanielewa bado."